Kijitabu cha neno la siku cha Moravian: kinafaa kwa kipi, na wapi kinatumiwa vibaya

Kwa wenye haraka, hukumu ni hii. Ukitafuta kitabu cha kukulisha Neno kila asubuhi, mwaka mzima, bila kukuchosha, kijitabu cha neno la siku cha Kanisa la Moravian ni cha kununua. Ukitafuta kitu cha kukujibu ndiyo au hapana (nichukue mkopo, nimkubali huyu, nihamie Dar es Salaam) hicho hakimo ndani yake, na atakayekilazimisha kijibu atapata matakwa yake mwenyewe yaliyovalishwa joho la Maandiko.

Kwa Tabora kijitabu hiki si kigeni. Wamoravian walipokea kituo cha Urambo mwaka 1898 kutoka kwa wamisionari wa London waliokuwa pale tangu enzi za mtemi Mirambo, wakaenda Sikonge, na leo makao makuu ya jimbo lao la magharibi yako hapa mjini. Si lazima uwe Mmoravian kukitumia. Hakifundishi utaratibu wa kanisa wala hakiulizi umebatizwa wapi.

Ndani yake kuna tarehe na maandiko, basi. Kwa kawaida kila siku ina aya moja ya Agano la Kale, ndilo neno lenyewe la siku. Chini yake aya ya Agano Jipya. Kisha ubeti wa wimbo au sala fupi, pamoja na masomo ya kusoma nyumbani. Jumapili huongezewa neno la juma. Hakuna mahubiri wala kisa cha kuliza, na hapo ndipo kinapovipita vitabu vingi vya ibada: kinakuachia kazi. Anayetaka kutafuniwa atakiona kikavu.

Namna kinavyotengenezwa inastahili kujulikana, kwa sababu makosa mengi ya watumiaji yanatokana na kutoijua. Aya za Agano la Kale hupatikana kwa kuchota kura. Huko Herrnhut, mji mdogo wa Ujerumani ulioanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kuna hazina ya aya zaidi ya 1,800 zilizochaguliwa na kupewa namba. Viongozi hukaa, huomba, kisha huchota namba moja kwa kila siku ya mwaka, na mwaka unaochotewa ni wa miaka mitatu mbele. Aya ya Agano Jipya haichotwi. Huchaguliwa na mtu, kwa kusoma na kufikiri, ili iiangazie ile iliyochotwa. Utaratibu wenyewe ulianza mwaka 1728, pale Zinzendorf, kiongozi wao, alipowapa waumini wa Herrnhut neno la kwenda nalo kesho yake, likapelekwa nyumba kwa nyumba. Chapa ya kwanza ya mwaka mzima ilitoka kwa ajili ya mwaka 1731, na tangu hapo desturi haijakatika.

Basi fikiri. Aya unayoisoma leo ilichotwa miaka mitatu iliyopita, pengine kabla hujamjua huyo mchumba unayemuulizia. Utasema Mungu anajua ya mbele. Ni kweli, anajua. Lakini aya hiyohiyo leo anaisoma mjane wa Kiloleni, fundi baiskeli wa Ng'ambo, mkulima wa Urambo na bibi wa Kijerumani aliye hospitalini. Siku litakapotoka lile la Mwanzo 12, "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako", kama ni amri binafsi kwa kila msomaji, stesheni ya Tabora haitatosha, na bado watu watabishana wapande treni ya Kigoma, ya Mwanza au ya Mpanda. Neno la siku limetolewa kwa kanisa zima lisimame chini ya andiko moja kwa siku moja. Uzito wake uko hapo.

Kuna hesabu nyingine nyepesi. Mwezi mmoja una aya za Agano la Kale 30 na za Agano Jipya 30, jumla 60. Katika aya 60 za Biblia hutakosa moja ya kwenda, moja ya kungoja, moja ya kuonya na tatu za kutia moyo. Swali lolote utakalolishika mwezi mzima litapata aya ya kulikubali. Ndiyo maana ushuhuda wa "nilifungua nikakuta jibu" haushangazi. Cha kushangaza kingekuwa kukosa.

Wapo watakaosema kura imo katika Biblia. Imo. Mithali 16:33 yasema, "Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA." Mathiya, mtume aliyeshika nafasi ya Yuda, alipatikana kwa kura, Matendo 1:26. Lakini tazama mambo mawili. Kabla ya kura ile mitume walikwisha kuweka masharti: awe mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka Bwana alipochukuliwa juu. Kwa masharti hayo wakapatikana wawili, wote wanafaa, ndipo kura ikapigwa. La pili, baada ya Pentekoste katika sura ya pili, kitabu cha Matendo hakionyeshi tena kanisa likipiga kura. Jambo gumu kuliko yote, la kuwapokea watu wa mataifa (wasio Wayahudi), sura ya 15, waliliamua kwa kikao: ripoti zikatolewa, Maandiko yakasomwa, hoja zikapimwa, kisha barua ikaandikwa yenye maneno haya, "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi."

Wamoravian wenyewe waliwahi kwenda mbali zaidi ya hapa. Karne ya 18 walipiga kura hata kwa mambo ya ndoa na kupeleka wamisionari. Zilikuwepo kura tatu: ndiyo, hapana, na tupu, ambayo ilimaanisha swali halijaiva. Mwanzoni mwa karne ya 19 sharti la kura kwa ndoa likaondolewa, na kabla ya karne hiyo kwisha kura za maamuzi zikaachwa kabisa. Iliyobaki ni kura ya neno la siku peke yake. Wenye kitu wameacha kukitumia kuamua ndoa. Inakuwaje wewe wa Cheyo, hapa Tabora, ukirudishe? Ile kura tupu, hata hivyo, ina funzo ambalo wengi wetu tumelipoteza. Kuna maswali ambayo hayajafikia kuulizwa.

Sasa, kinavyosaidia kweli kupambanua mapenzi ya Mungu. Kinasaidia, ila polepole, kikiwa na daftari, Biblia nzima na watu pembeni.

Tuchukue swali la kawaida la mkoa huu: familia inajiuliza kama ichukue pembejeo za tumbaku kwa mkopo kupitia chama cha msingi msimu ujao. Kabla ya kufungua kijitabu, swali liandikwe kwa sentensi moja kwenye daftari, pamoja na tarehe ya mwisho ya kuamua. "Je, tulime tumbaku hekta moja kwa mkopo, au tubaki na mahindi na karanga?" Andika na hesabu chini yake: mifuko ya mbolea, vibarua wa kuchuma, kuni za kukaushia na hali ya bani (banda la kukaushia tumbaku), deni la msimu uliopita, na chakula cha nyumbani kitalimwa na nani. Kama mkopo ni wa kudhaminiana, andika pia majina ya watakaolipia pengo lako mvua ikikataa. Watu huona hesabu hizi si za kiroho. Ni za kiroho kabisa. Bwana mwenyewe katika Luka 14 alimtaja mtu anayetaka kujenga mnara, akaketi kwanza kuhesabu gharama. Kuandika swali kabla ya kusoma kuna faida moja zaidi: baadaye huwezi kulibadilisha ili lilingane na aya.

Baada ya hapo ndipo usome, na usome vya tarehe ya leo tu. Neno la siku lisomwe mara mbili kwa sauti, kisha ifunguliwe Biblia kwenye sura yake nzima. Hili la sura nzima ndilo linalorukwa na wengi, nalo ndilo lenye faida. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Uliza: nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini kabla. Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", ni aya inayopendwa kuliko zote kwenye kadi za harusi na mahafali. Panda mstari mmoja tu juu, 29:10, utakuta miaka sabini ya Babeli. Walioandikiwa barua ile waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee mji waliofungwa. Wengi wao wangefia huko. Ahadi ni ya kweli, lakini si ahadi kwamba tumbaku itapata daraja la juu mwaka huu.

Kama aya haieleweki, linganisha tafsiri mbili. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo wengi wanayoijua kwa moyo. Biblia Habari Njema husema kwa lugha rahisi, na mara nyingi zikisomwa pamoja fumbo linafunguka bila kumtafuta mchungaji. Kisha usome aya ya Agano Jipya ukijiuliza kwa nini mchaguzi aliiweka pale. Andika jibu kwa sentensi moja. Zoezi hili dogo linafundisha kuliko semina nyingi, maana unajifunza kusoma andiko kwa andiko badala ya andiko kwa tamaa.

Halafu maswali ya kuandikia ni matatu, na hakuna hata moja la ndiyo au hapana. Andiko hili linamwonyesha Mungu akoje? Linagusa nini ndani yangu: woga, choyo, haraka, wivu? Kuna la kutii leo kabla ya jua kuzama? La tatu ndilo lenye ncha. Mtu anamwuliza Mungu kuhusu hekta moja ya mwakani wakati kibarua wa mwaka jana hajalipwa. Hapo neno la siku huwa limeshajibu, ila si swali alilouliza.

Sehemu kubwa ya mapenzi ya Mungu haihitaji kutafutwa. Imeandikwa. "Maana haya ndiyo mapenzi ya Mungu, kutakaswa kwenu, mwepukane na uasherati" (1 Wathesalonike 4:3). "Shukuruni kwa kila jambo, maana hayo ni mapenzi ya Mungu kwenu katika Kristo Yesu" (5:18). Mizani ya hadaa ni chukizo, Mithali 11:1. Anayeuza asali iliyochanganywa na sukari hana haja ya kuomba ishara. Kinachobaki kupambanuliwa ni mambo yaliyo halali pande zote mbili, na kwa hayo Warumi 12:2 yazungumzia kufanywa upya nia, "mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu". Nia hugeuzwa kwa kulishwa mfululizo. Hapa kijitabu kinastahili sifa zake zote, kwa sababu kura inakulisha pia vyakula usivyovipenda: Hagai, Zaburi za maombolezo. Mwenye kujichagulia hurudi kila siku kwenye Zaburi ya 23.

Wiki mbili zikipita, rudi nyuma usome daftari lote kwa mkao mmoja. Usitafute aya iliyokupendeza kuliko zote. Tafuta kinachojirudia katika majibu ya swali la pili na la tatu. Kama siku tisa kati ya kumi na nne umeandika "woga wa kuchekwa na majirani", basi huenda mkopo unautaka kwa ajili ya majirani. Angalia pia hali ya moyo ulipoandika. Kuna furaha ya kuchangamka inayotoweka ukishalala, na kuna utulivu unaobaki hata baada ya kuhesabu hasara. Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, ambaye Wakatoliki wa hapa wanamjua kupitia mafungo, aliacha kanuni inayofaa madhehebu yote: wakati moyo umekauka na kuvurugika, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na utulivu. Ngoja. Kanuni hii peke yake ingeokoa ndoa na ajira nyingi.

Mwisho swali lipelekwe kwa watu, watatu hivi. Mmoja awe anayelijua jambo lenyewe, kwa mfano afisa ugani au mkulima aliyekwisha kuuza kwa misimu kadhaa. Mwingine awe anayekujua wewe na udhaifu wako. Wa tatu mzee wa kanisa au mchungaji. Mwenzi wako hahesabiwi kati ya hao, yeye ni mwenye uamuzi pamoja nawe. Wasomee swali, hesabu na daftari, usiwaambie "Mungu ameniambia". Ukishatamka hivyo umewafunga midomo, maana nani atabishana na Mungu? Mithali 11:14 yataka wingi wa washauri, na mshauri aliyefungwa mdomo si mshauri. Kisha amueni kwa tarehe iliyoandikwa. Isije ikawa kuomba kumegeuka njia ya kukwepa kuamua mpaka mbegu imwagwe kitaluni na wengine.

Na yanayoharibika? Kosa la kwanza ni kupekua. Kwa kuwa mwaka mzima uko mkononi, mtu anaruka kwenye tarehe ya kesho, ya kuzaliwa, ya harusi, mpaka apate ya kumfurahisha, kama anayezungusha redio hadi ishike wimbo wake. Dawa ni rahisi: bana kurasa zilizo mbele kwa kibanio cha nguo. Si utani, inafaa.

Kosa la pili ni kukumbuka zilizolingana na kusahau zisizolingana. Daftari linalitibu, mradi uandike hata siku ambazo aya haikugusa kitu. Andika tu "leo sikuona". Siku hizo zitakuwa nyingi, na si dalili ya dhambi.

La tatu ni baya zaidi: kumtumia mtu mwingine aya. "Neno la leo limesema tusiwe peke yetu, basi nikubalie." Kijana wa kwaya anayemwendea binti kwa namna hii hajampa mapenzi ya Mungu, amemwekea mtego, kwa kuwa akikataa ataonekana amemkataa Mungu. Hakuna anayepokea wito kwa niaba ya mwenzake. Dada akiambiwa hivyo na amjibu kwamba Mungu ana namba yake pia.

La nne linaua. Siku inapotoka Kutoka 15:26, "Mimi ndimi BWANA nikuponyaye", wapo watakaoacha vidonge vya kisukari, vya presha au vya kufubaza virusi. Andiko halisemi hivyo, na kanisa lililotuletea kijitabu hiki halikulisoma hivyo: Wamoravian walijenga hospitali Sikonge. Dawa haziachwi kwa aya. Zinabadilishwa na daktari aliyekupima, kliniki.

Ngozi ya kondoo ambayo Gideoni aliomba iwe ishara kwa umande, Waamuzi 6, nayo hutajwa sana: "Neno la kesho likiwa na maji, nitaenda." Gideoni alikuwa amekwisha kuambiwa la kufanya, wazi, na malaika. Ngozi ilikuwa ya kuutuliza udhaifu wake, na aliomba huku akiogopa kumkasirisha Mungu. Msome vizuri kabla ya kumwiga.

Ukikilinganisha na vingine vinavyotumika mitaani, kijitabu kinasimama vizuri. Sanduku la ahadi, lile la vikadi, lina aya tamu tupu, hakuna karipio. Kwa kupambanua halifai, kwa kumpa mgonjwa pole linafaa. Aya ya siku kwenye programu ya simu ni bure na inafika popote penye mtandao, ila inakuja katikati ya meseji za vikoba na picha za misiba, na haikai. Kalenda ya masomo ya Misa, anayoitumia jirani Mkatoliki, kwa jambo moja inakizidi kijitabu hiki: inasoma vitabu kwa mfululizo, Jumapili kwa mzunguko wa miaka mitatu na siku za kazi kwa miwili, hivyo muktadha haupotei kirahisi. Mmoravian anayetaka faida hiyo asiache masomo ya nyumbani yaliyowekwa chini ya kila tarehe, ndiyo hufidia. Kuhusu nabii anayetoa "neno lako binafsi" baada ya kupokea sadaka, hapo hakuna cha kulinganisha.

Alama zetu, kwa kumi: lishe ya kila siku, tisa. Ibada ya familia, nane, maana ni fupi na watoto hawasinzii. Mtoto mmoja asome, mwingine atafute sura. Kupambanua jambo kwa wiki kadhaa pamoja na daftari na watu, saba. Kutafuta jibu la papo hapo, sifuri, na si kosa la kijitabu.

Kwa mnunuzi: ulizia kwanza usharika wa Moravian ulio karibu nawe, Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa sababu kina maana kikianza nawe tarehe 1 Januari. Usikubali cha mwaka uliopita kwa bei ya kutupwa. Aya bado ni Neno la Mungu, lakini Jumapili hazitalingana, na hutakuwa ukisoma na wenzako, jambo ambalo ni nusu ya thamani yake. Kama ni cha mzazi mwenye macho hafifu, fungua ukurasa wa kati upime ukubwa wa herufi kabla ya kulipa; zikiwa ndogo mno, nunua daftari kubwa, mwandikie aya kwa kalamu nene kila Jumapili jioni, za siku saba.